Sproketi iliyofunguka mteremkoni: uchambuzi wa kisa kimoja cha baiskeli ya fiksi

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana ninayofanyia kazi, katika jiji moja la pwani ya Tanzania. Majina, mtaa na barabara nimeviondoa, na mwenye baiskeli ameridhia niandike. Yeye nitamwita kijana. Fundi aliyeifunga baiskeli ile ni mimi.

Kwa asiyeijua: fiksi ni baiskeli isiyo na friwili, kile kifaa cha nyuma kinachoruhusu gurudumu kuzunguka pedeli zikiwa zimesimama. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, upende usipende. Hakuna kutulia mteremkoni miguu imesimama. Ukitaka kupunguza mwendo unazizuia pedeli kwa miguu, na ukizizuia kwa nguvu za kutosha tairi la nyuma linaburuzika. Kabla friwili haijaenea kuelekea mwaka 1900, baiskeli zilikuwa hivi. Leo ndizo za mashindano ya velodromu, yaani viwanja maalumu vya mbio za baiskeli, na vijana wa mjini sehemu nyingi duniani wamezirudisha barabarani kwa sababu ni nyepesi, hazina vitu vingi vya kuharibika, na zina raha yake. Raha hiyo naijua. Nimeendesha fiksi kwa miaka, na ukishazoea unaisikia barabara hadi kwenye nyayo.

Usuli

Kijana alikuwa mwanafunzi wa chuo, na siku asizokuwa na vipindi alipeleka vifurushi kwa baiskeli. Alikuja na fremu ya chuma ya mtumba, ya zile baiskeli za zamani za giya kumi zinazoingia na makontena. Fremu nzuri. Kilichonifurahisha zaidi ni sehemu za nyuma zinazoshika ekseli: zilikuwa zimelala, si za kusimama wima. Fiksi haina kifaa cha kukaza cheni, kwa hiyo cheni inakazwa kwa kulivuta gurudumu zima nyuma. Fremu ambayo ekseli inaingia kwa chini kwenda juu haikupi nafasi hiyo.

“Shikamoo fundi. Nataka hii iwe fiksi.”

“Marahaba. Na breki?”

“Breki sitaki, fundi. Inaharibu muonekano. Hata wale wa keirin Japani hawana breki.”

Nikamjibu kwamba keirin, mbio za baiskeli za Japani, tangu ilipoanza mjini Kokura mwaka 1948 inakimbiwa uwanjani. Wote wanaelekea upande mmoja, hakuna makutano, hakuna daladala inayochomoka kituoni. Mle ndani breki yenyewe ndiyo hatari, maana ukishika ghafla aliye nyuma yako anakuvaa. Mtu huyohuyo akitoka nje ya geti akaingia barabarani, sheria ya Japani inamtaka awe na breki mbele na nyuma. Ujerumani pia ni breki mbili zinazojitegemea. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1983, gurudumu la fiksi linahesabiwa kuwa breki ya nyuma, lakini breki ya mbele lazima iwepo.

Alinisikiliza kwa adabu. Tukakubaliana kwamba nitafunga breki ya mbele.

Kilichokosekana kilikuwa habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ndugu yake aliye Ulaya alikuwa amemtumia sproketi, ile duara la meno linaloshika cheni, ya fiksi ya meno 16, mpya, chuma kizuri kabisa, lakini sproketi peke yake. Gurudumu la nyuma alilokuwa nalo lilikuwa la ile baiskeli ya giya kumi, lenye habu ya kufungia friwili.

Hapa ndipo kisa kilipo, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Habu mbili zinazofanana

Sproketi ya fiksi inafungwa kwenye habu kwa nyuzi za skrubu, sredi kama tunavyosema gereji. Sredi hizo zina kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi. Friwili ya kizamani inatumia sredi hizohizo. Ndiyo maana sproketi ya fiksi inaingia kwenye habu ya friwili vizuri kabisa, inakaa, na ukikanyaga mbele inajikaza yenyewe kila hatua. Mtu anaweza kuendesha siku nzima akaapa kwamba kazi imekamilika.

Tofauti inaonekana siku unapozuia pedeli. Ukizuia, cheni inaivuta sproketi kuelekea upande wa kufungua. Habu halisi ya fiksi imelifikiria hilo. Nje ya sredi ya sproketi ina sredi ya pili, nyembamba kidogo, inchi 1.29, na imekatwa kinyume: inakazwa kwa kugeuza kushoto. Juu yake inafungwa ringi. Sproketi ikijaribu kufunguka inaisukuma ringi upande uleule, na kwa ringi upande huo ni wa kukaza. Kadiri sproketi inavyotaka kutoka, ndivyo mlango unavyozidi kubanwa.

Habu ya friwili haina sredi hiyo ya pili. Haina pa kufunga ringi ya kinyume.

Tulivyoamua, na kwa nini

Tulikuwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuagiza gurudumu lenye habu halisi ya fiksi. Ilikuwa na maana ya kusubiri wiki kadhaa na kulipa zaidi ya alivyolipia fremu, naye alikuwa anaihitaji baiskeli kwa kazi.

Ya pili ni ile ya mtaani: kuichomelea friwili isizunguke. Hii niliikataa papo hapo, na bado naikataa. Moto unalainisha chuma kilichokuwa kigumu na unaua gololi za ndani, na baada ya taabu yote friwili yenyewe bado imeshikwa na sredi ileile inayofunguka kwa kushoto. Umetengeneza tatizo jipya na la zamani bado lipo.

Ya tatu ndiyo tuliyoifuata. Kufunga sproketi kwenye habu ya friwili, kuikaza kwa nguvu zote, kupaka gundi ya sredi, kisha juu yake kufunga ringi ya ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedeli), ambayo kwa baiskeli nyingi za zamani ina sredi hiyohiyo ya 1.37. Ringi hiyo inaingia vizuri kwenye nafasi inayobaki. Nimeifunga hivyo mara kadhaa, na mafundi wengi duniani wanaifanya. Nilijua kasoro yake: ringi nayo inafunguka kushoto, kama sproketi. Zote mbili zinatoka kwa mlango mmoja, na kinachozizuia ni kubanana kwao na gundi tu. Nilikubali kwa sababu moja, kwamba breki ya mbele ingekuwepo. Kwa hesabu yangu, breki ya mbele ndiyo breki, na miguu ni ya kusaidia.

Nilikaza sproketi kwa njia ambayo sote tunaipenda: cheni unaizungushia sproketi na bomba la fremu linaloshika ekseli ya krenki, unaweka kitambaa ili fremu isichubuke, halafu unaligeuza gurudumu lenyewe liwe mkono wa spana. Inatoa nguvu ambayo spana ya mkononi haifikii. Mbele niliweka sproketi ya meno 48 iliyokuwepo. Breki ya mbele niliifunga kwenye rimu yake ya chuma.

Mchana ule nilifanya makosa mawili ambayo sikuyaona kuwa makosa. Sredi ya habu niliifuta kwa kitambaa, sikuiosha kwa petroli hadi iwe kavu. Na kijana alikuwa na kazi jioni, kwa hiyo nikamwachia baiskeli saa chache tu baada ya kupaka gundi.

Wiki sita za kwanza

Alijifunza haraka. Kufikia wiki ya pili alikuwa anapiga skidi: anainamia mbele, anafunga miguu, tairi linalia. Nilimwona akipita mbele ya karakana akafanya hivyo makusudi ili nimwone, na nikampungia mkono. Kwa kweli nilifurahi.

Katikati ya wiki ya nne alipita kuongeza upepo. Breki ya mbele haikuwepo. Alisema rimu ya chuma ilikuwa inapiga kelele na mvua ikinyesha haishiki, jambo ambalo ni kweli, maana rimu ya chuma ikilowa breki inateleza. Nikamwambia airudishe. Akasema sawa fundi. Nilikuwa na mteja mwingine, na maneno yakaishia hapo.

Siku yenyewe

Ilikuwa asubuhi, barabara kavu. Alikuwa anateremka kilima ambacho alikiteremka kila siku. Daladala iliyokuwa mbele yake ikaingia kituoni, nyuma yake pikipiki ikakata kuingia nafasi hiyohiyo. Akafunga miguu kupiga skidi.

Alivyonieleza baadaye, kwanza tairi lilianza kulia kama kawaida, kisha kukatokea “tak” moja na pedeli zikakosa uzito. Miguu ilikuwa imesimama lakini baiskeli inakwenda. “Ikawa kama baiskeli ya kawaida, fundi. Ila haina breki.” Akaipeleka pembeni kwenye mchanga, gurudumu la mbele likazama, akaruka juu ya usukani. Alivunjika mtulinga. Hakuna mwingine aliyeumia.

Gurudumu mezani

Siku iliyofuata jirani yao aliiendesha baiskeli mpaka karakana, na mama yake kijana akaja kwa bajaji.

“Fundi, hili gurudumu umelifunga wewe?”

“Ndiyo mama, nimelifunga mimi.”

Hakusema zaidi. Alikaa kwenye benchi akanitazama nikilifungua.

Niliishika sproketi nikajaribu kuigeuza kushoto kwa mkono. Haikutikisika. Jirani mwenyewe alisema ameiendesha vizuri tu, haina tatizo. Kama ningeishia hapo ningemwambia yule mama kwamba mwanawe aliteleza. Lakini kulikuwa na kitu kinagongagonga. Ringi ya kufungia ilikuwa imetoka kabisa kwenye sredi, inacheza kwenye ekseli kama bangili, haiwezi kutoka kwa sababu fremu inaizuia.

Maana yake ilikuwa wazi. Kijana alipozuia pedeli, sproketi ilifunguka na kuisukuma ringi mbele yake. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu inatoka karibu milimita moja, kwa hiyo mizunguko minne hivi ilitosha ringi kuanguka. Kwa tairi lenye mzunguko wa mita 2.1 hizo ni mita nane na kitu, kama sekunde moja kwa mwendo aliokuwa nao. Kisha jirani alipopanda na kukanyaga mbele, sproketi ikajirudisha ndani na kujikaza. Gurudumu lilikuwa limejifutia ushahidi wake, ikabaki ringi peke yake.

Nilipoivua sproketi, gundi kwenye nusu ya sredi ilikuwa unga mkavu. Nusu nyingine bado ilikuwa majimaji, imechanganyika na grisi ya friwili ya zamani.

Tairi nalo lilikuwa na la kusema. Lilikuwa zuri mzunguko mzima isipokuwa sehemu moja ya urefu wa kiganja, ambapo mpira ulikwisha na nyuzi za kitambaa zilikuwa zinachungulia.

Uchambuzi

Nianze na habu, maana nyingine zote zimeizunguka. Kwenye baiskeli ya friwili, sproketi ya nyuma ni kifaa cha kusukumia. Ikilegea unapoteza mwendo. Kwenye fiksi, mnyororo ule wote, kuanzia pedeli, krenki, cheni, sproketi hadi sredi ya habu, ni breki. Nilipoifunga kwa ringi isiyo ya kinyume nilikuwa nimefunga breki ambayo kila inaposhikwa inajifungua kidogo. Skidi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu si mvuto wa taratibu bali mshtuko. Kijana alipiga skidi mara nyingi kwa siku kwa wiki sita, na kila moja ilikuwa nyundo ndogo upande uleule. Haikufunguka mteremkoni ghafla. Ilikuwa inafunguka na kurudi, inafunguka na kurudi, gundi inasagika, mpaka siku ringi ikaisha kushika.

Gundi ingeweza kuchelewesha tu. Gundi ya sredi inataka chuma safi, na kwa kawaida inahitaji saa 24 kufikia nguvu yake yote, na kwenye aluminiamu inachelewa zaidi. Mimi niliipa grisi na saa chache. Lakini sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba ningeiosha vizuri tungekuwa salama. Tungekuwa salama kwa muda mrefu zaidi, labda wa kutosha apate imani kubwa zaidi.

Breki ya mbele. Hoja ya vijana ni kwamba miguu inatosha. Ukisimamisha baiskeli, uzito mwingi unahamia mbele, na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ndiyo maana linaburuzika kirahisi. Kwa barabara kavu, kusimama kwa gurudumu la nyuma peke yake kunachukua takribani umbali mara mbili ya kusimama kwa breki nzuri ya mbele. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni kama mita 14 kwa 7, ukiacha muda wa kushtuka. Mita saba za tofauti ni urefu wa daladala. Angekuwa na breki ya mbele, sproketi ingefunguka vilevile, naye angesimama na kuniletea gurudumu akilalamika.

Hilo lilikuwa sharti langu, na sharti lenyewe nililisimamia vibaya. Nilifunga breki hafifu kwenye rimu ya chuma nikijua pwani kuna masika. Breki inayopiga kelele na kushindwa mvuani mtu ataivua, na alipoivua nilimwambia neno moja kisha nikageukia kazi nyingine. Uamuzi wa kutumia habu ile ulisimama juu ya breki. Siku breki ilipoondoka, nilipaswa kulizuia gurudumu lile lisitoke karakana, hata kama angenuna.

Kuhusu lile doa la tairi, hili ni jambo dogo lakini zuri kulijua. Gawanya 48 kwa 16 unapata 3 kamili. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu limezunguka mara tatu kamili na kurudi palepale. Mtu anayepiga skidi kwa kutanguliza mguu mmoja, kama wengi wetu, anaburuza tairi pahali palepale kila siku. Ukiweka 17 nyuma, 48 kwa 17 haigawanyiki, na skidi zinasambaa sehemu 17. Hata 46 kwa 16 inakupa sehemu 8. Jino moja tu linaamua kama tairi litaisha kwa mwezi au kwa mwaka. Nilijua hesabu hiyo, nikatumia sproketi iliyokuwepo kwa sababu ilikuwepo.

Vilivyokwenda vizuri vipo. Fremu ilikuwa chaguo sahihi. Cheni ilikuwa imenyooka kati ya sproketi mbili na ilikuwa na ulegevu wa kama sentimita moja, na ndiyo maana haikuruka sproketi ilipotembea, maana cheni ya fiksi ikiruka inaweza kuingia kwenye spoku na kulifunga gurudumu papo hapo. Mikanda ya pedeli ilimwachia miguu alipoanguka. Na kuachana na kuchomelea friwili ningekurudia leo.

Matokeo

Mtulinga uliunga, na miezi mitatu baadaye alikuwa barabarani. Gurudumu jipya lilikuja kwa mizigo ya ndugu yuleyule, safari hii na habu halisi ya fiksi ya upana wa milimita 120. Fremu yake ni ya 126, kwa hiyo niliweka washa za milimita 3 kila upande wa ekseli. Nyuma ni meno 17, ringi ya kinyume imekazwa kavu, bila gundi. Mbele nilimfungia rimu ya aluminiamu na breki mpya, na malipo ya kazi hiyo sikuchukua.

Nilichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe ukipita juu ya habu, sproketi na ringi, ili mtu yeyote aone kama kimojawapo kimesogea, hata asiyejua lolote la baiskeli. Mama yake aliuliza ni wa nini, nikamwonyesha. Kijana anapita kila baada ya wiki mbili, tunaligeuza gurudumu na kuutazama mstari. Sproketi ilisogea kidogo sana wiki ya kwanza, kama unene wa ukucha, kwa kujikaza zaidi kuelekea mbele. Niliirudishia ringi, nikachora mstari upya. Kuanzia hapo haijasogea.